Barafu Kwenye Beseni

Nilipopangiwa TP Makete, nilipakia fulana tupu. Mtu wa Tanga, ningejuaje? Julai kule usiku baridi hukaribia nyuzi sifuri, na asubuhi majani ya bondeni yana sakitu nyeupe utadhani yamemwagiwa chumvi.

Nikapewa darasa la awali, watoto wa miaka mitano. Agizo la kwanza: kipindi cha baridi watoto hawatoki nje. Madirisha yafungwe, wakariri herufi mpaka jua likolee. Sikubisha. Mwanafunzi wa TP anabishana na nani?

Asubuhi moja tulikuta beseni la kunawia limesahaulika nje, maji yametanda barafu nyembamba kama kioo. Nikasema liwalo na liwe, tukabaki nje. Mmoja alivunja kipande, akapiga kelele: "Mwalimu, kinaunguza!" Mwingine alificha chake mfukoni ampelekee bibi. Baadaye mfuko umelowa, barafu hakuna, akaanza kulia kwamba jirani yake kamwibia. Nikauliza: imeenda wapi? Jamani, walibishana! Tukaweka vipande viwili, kimoja juani, kingine kivulini nyuma ya darasa, kila mtu akasema kipi kitaisha kwanza. Wakawa wanakimbia huku na huku kukagua. Kuganda na kuyeyuka waliyajua siku hiyo, na sikuandika chochote ubaoni. Piaget nilishamjibu kwenye mtihani, kwamba mtoto wa umri huu hufikiri kupitia anachokiona na kukishika. Nilipata B. Kumwelewa, nilimwelewa pale kwenye beseni.

Kesho yake mzazi akaja juu: mtoto ana mafua. Ningeweza kumjibu kwamba mafua huletwa na virusi, na virusi huenea vizuri zaidi kwenye chumba kilichofungwa ambamo watoto wamebanana. Lakini mwanawe hakuwa na sweta, na hilo niliona na kulipuuza. Sisi wa elimu tunapenda kutolea mfano Norway na Finland, watoto wa chekechea wanacheza kwenye theluji, hata vichanga wanalazwa nje kwenye vigari. Tunasahau kutaja buti, glavu na suti zisizopitisha maji. Darasani kwangu wenye viatu vya kufunika walihesabika.

Basi nikapanga upya. Kwanza uji wa moto, ndipo tutoke, dakika 20 tu. Michezo ya mbio: kombolela, kusukuma matairi. Kusimama kumsikiliza mwalimu hapana, mtoto anapoa haraka. Wasio na sweta niliwafunga vitenge nilivyoazima kwa mama wa jikoni, na aliyetetemeka alirudi ndani bila kuulizwa.

Mkufunzi alipokuja kunikagua alitukuta nje. Kwenye fomu akaandika kwamba darasa lina kelele. Kisha akachuchumaa, akamuuliza yule wa mfukoni wanatafuta nini.

"Barafu," akajibu. "Ila leo haijaja."

Jioni ile nilitoa mabeseni mawili nje.