Kilichomo Kichwani: Kijitabu cha Familia za Kisii na Nyamira

Wagusii ni miongoni mwa jamii chache duniani ambazo wataalamu wao wa jadi walipasua kichwa cha mtu aliye hai, naye akaamka akarudi nyumbani. Omobari omotwe, mpasuaji wa kichwa, aliletewa mtu aliyegongwa na ambaye maumivu ya kichwa yalikataa kumwacha. Alichana ngozi, kisha akakwangua mfupa polepole kwa kisu mpaka akaufikia utando uliolala chini yake. Hapo alikomea. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Hospitali ya Mathari jijini Nairobi katika miaka ya 1950, aliandika habari za wapasuaji hao, na mwaka wa 1985 daktari mpasuaji David Furnas na wenzake wakachapisha maelezo zaidi.

Siku hizi jeraha la kichwa lipelekwe hospitali, ambako picha ya CT huonyesha damu iko wapi kabla mfupa haujaguswa. Lakini wazee wale walielewa jambo ambalo familia nyingi leo zimelisahau: shida ya kichwa ina mahali pake ndani ya mwili. Ubongo ukiugua, ugonjwa hujitokeza kwenye tabia. Mtu husahau, hupotea njia, hutukana, huanguka na kutetemeka. Kwa kuwa hakuna kidonda cha kuonekana, watu huanza kutafuta wa kulaumiwa, na katika kaunti zetu lawama hizo zimeua.

Chini ya mfupa

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4, na ulaini wake ni wa parachichi lililoiva. Umefunikwa na tando 3. Utando wa nje, ulio mgumu kuliko mwingine, ndio ule ambao omobari hakuthubutu kuutoboa. Kati ya zile mbili za ndani mna maji maangavu, kiasi cha mililita 150, yanayouwezesha ubongo kuelea usijigonge kwenye fuvu.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Damu ikivuja ndani yake haina pa kwenda, hivyo huukandamiza ubongo. Ndiyo maana ajali za bodaboda hutudanganya. Kijana anarushwa kwenye mteremko, anainuka, anajipangusa vumbi, anasema yuko sawa. Anakula chakula cha jioni na kulala. Wakati huo wote mshipa uliopasuka kando ya sikio unaendelea kuvuja, na asubuhi haamki. Aliyepoteza fahamu hata kwa dakika chache apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akianza kutapika tena na tena, kusinzia kupita kawaida, kulalamika kwamba kichwa kinazidi kuuma, kutokwa na maji masafi puani au sikioni, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, msisubiri kukuche. Helmeti ivaliwe na anayeendesha na anayebebwa, na ifungwe kidevuni. Isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Kila upande na kazi yake

Nusu ya kushoto ya ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na ya kulia huongoza wa kushoto. Kwa hiyo mtu akiamka mkono na mguu wa kulia haviinuki, tatizo liko upande wa kushoto wa kichwa. Hicho ni kiharusi: mshipa wa damu umeziba au umepasuka. Ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote ya mwili na hauna akiba, kwa hiyo sehemu iliyokosa damu huanza kufa kwa dakika. Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi moja. Uso ukipinda, mkono ukishuka, au maneno yakiparaganyika, tafuteni gari papo hapo na mkumbuke dalili zilianza saa ngapi. Kama mshipa umeziba, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ndani ya takriban saa 4 na nusu tu. Mtu akipelekwa kuombewa kwanza, saa hizo huisha. Maombi yanaweza kufanyika ndani ya gari.

Mwaka wa 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, “tan”, ingawa alielewa aliyoambiwa. Broca alikuta sehemu ya mbele ya upande wa kushoto imeharibika. Kwa watu wengi usemi hukaa upande huo. Tunaleta habari hii kwa sababu ya wagonjwa wa kiharusi walio majumbani mwetu. Baba asiyeweza kusema anaweza kuwa anawasikia na kuwaelewa kabisa mnapojadili shamba lake mbele yake. Msemeshe. Mpe nafasi ya kujibu kwa kichwa au kwa mkono.

Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso hupanga mambo na kutuzuia tusiseme kila linalotujia. Kisogoni ndiko tunakoonea, ijapokuwa macho yako mbele. Chini ya hapo kuna ubongo mdogo, serebela, unaosawazisha mwendo. Chang'aa huuvuruga mapema, ndiyo maana mlevi huyumba. Chini kabisa kuna shina la ubongo, linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo na kuungana na uti wa mgongo shingoni. Aliyeanguka kutoka juu ya mti au kugongwa na gari asishikwe mikono na miguu na kukunjwa juu ya pikipiki. Shingo yake ishikwe imenyooka, alazwe juu ya ubao.

Kifafa hutokea pale umeme wa seli za ubongo unapolipuka bila mpangilio. Hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, usimtie kijiko mdomoni. Degedege likipita dakika 5, apelekwe hospitali. Dawa zipo, na mtoto anayezimeza kila siku anaweza kusoma shule na wenzake.

Ubongo wa mtoto

Mfereji unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa, mara nyingi mama bado hajajua ana mimba. Kwa hiyo vidonge vya asidi ya foliki vianzwe mapema, na mboga kama chinsaga na managu, pamoja na maharagwe, zisikosekane mezani. Mtoto akifika miaka 2, ubongo wake umeshakua karibu asilimia 80 ya ule wa mtu mzima; chakula na mazungumzo anayonyimwa katika miaka hiyo ni vigumu kumrudishia. Utosi wake ukididimia, amepungukiwa na maji. Ukivimba huku ana homa, huenda ni homa ya uti wa mgongo. Katika hali zote mbili, dawa ya kupaka utosini haifiki kwenye chanzo.

Watu wa nyanda za juu hatuumwi na mbu wa malaria mara nyingi kama wa kandokando ya Ziwa Victoria, na hivyo miili yetu haijajizoeza nayo. Ikiingia, hata mtu mzima inaweza kumpanda kichwani. Homa yenye degedege au kuweweseka ni ya hospitali usiku huo huo.

Wazee wetu

Mwezi Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto hadi kufa Kisii wakiitwa wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake 4 waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Sikilizeni ushahidi unaotolewa vijijini dhidi ya nyanya wa namna hii: alikutwa usiku kwenye boma la mtu, alikuwa uchi, alikuwa akiongea peke yake, hakuweza kueleza alifuata nini. Daktari akisikia hayo atauliza kuhusu ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ambao aina yake inayojulikana zaidi ni Alzheimer.

Ugonjwa huu kwa kawaida huanza ndani ya ubongo usawa wa masikio, kwenye sehemu iitwayo hipokampasi, inayohifadhi mambo mapya. Kwa hiyo nyanya hakumbuki kama amekula leo, lakini harusi yake anaieleza neno kwa neno. Jioni wasiwasi humzidi. Anatoka kutafuta nyumba aliyozaliwa, iliyobomoka zamani, na kuingia boma la kwanza analolikuta. Ugonjwa ukifika nyuma ya paji la uso, matusi yanamtoka ambayo hakuwahi kuyasema maishani. Hakuna oborogi, yaani uchawi, hapo.

Mpelekeni akapimwe. Kusahau kwingine kunatibika: maambukizi ya mkojo, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, damu iliyovuja taratibu baada ya kuanguka wiki kadhaa zilizopita. Mhudumu wa afya ya jamii aliyepewa mashine ya presha anaweza kumpimia nyumbani, kwani presha isiyotibiwa huharibu mishipa midogo ya ubongo. Alzheimer yenyewe haina tiba ya kuiondoa, lakini taa ikiachwa ikiwaka, ratiba isipobadilika, na watoto wakipokezana kumlinda badala ya kumwachia binti mmoja, maisha yake huwa mepesi.

Waambieni majirani ugonjwa wake mapema, kwa jina lake, kanisani na kwenye mkutano wa nyumba kumi, kabla hajakutwa uani mwa mtu. Uvumi wa uchawi ukianza kusikika, pelekeni habari kwa chifu na kituo cha polisi siku hiyo hiyo, na usiku huo mzee akalale kwa jamaa walio mbali.