Kupokezana Simu Kati ya Mnara na Mnara

Simu ya mkononi ni redio ndogo yenye nguvu haba. Kwa sababu hiyo nchi hugawanywa katika maeneo madogo yaitwayo seli, kila seli ikihudumiwa na mnara wake. Wazo hili liliandikwa mwaka 1947 katika Maabara ya Bell, Marekani. Kwa mtu aketiye nyumbani mpango huu hauna taabu; taabu huanza aanzapo safari.

Msomaji na amfikirie abiria atokaye Makambako kwenda Mafinga, akizungumza kwa simu basi linapokaribia Nyololo. Mnara wa nyuma unafifia, wa mbele unazidi kusikika. Katika mtandao wa kizazi cha pili, simu hupima mawimbi ya minara jirani na kutoa taarifa karibu kila nusu sekunde; kwa basi liendalo kilomita 80 kwa saa, hizo ni mita 11 hivi. Mitambo ya mtandao, wala si simu yenyewe, ndiyo iamuayo wakati wa kuhama.

Mitambo ikiharakisha, simu itarushwa huku na huko kama mpira, maana vilima na misonobari ya Mufindi huyapandisha na kuyashusha mawimbi. Ikichelewa, mazungumzo hukatika. Kwa hiyo mafundi huweka kizingiti: mnara mpya sharti uuzidi wa zamani kwa desibeli kadhaa. Desibeli 3 ni sawa na kuuzidi nguvu mara mbili.

Hata hivyo, mawimbi yaweza kuwa mazuri na simu ikafa. Mtambo mmoja wa redio wa kizazi hicho una vipindi 8 vya zamu. Kimoja ni cha maelekezo, na 7 hubaki kwa mazungumzo. Wakazi 7 wakiwa wanazungumza, abiria hana pa kupokelewa.

Mwaka 1986 Hong na Rappaport walichapisha hesabu za njia ya kuepuka hayo, yaani kutenga nafasi kwa ajili ya wanaoingia. Nafasi 1 ikitengwa, mwanakijiji aanzaye kupiga simu hukataliwa 6 zikijaa, ingawa ya 7 i wazi. Hoja ni kwamba kukatwa katikati ya maneno huudhi kuliko kukataliwa mwanzoni. Kwa msafiri hoja hiyo inatosha. Kwa mkulima wa Nyololo amwitaye mganga wa zahanati usiku haitoshi hata kidogo. Basi linapita, yeye anabaki.

Nafuu imo katika kanuni ya mwaka 1917 ya A. K. Erlang wa Denmark. Zikikubaliwa simu 2 tu kukataliwa kati ya 100, nafasi 7 hubeba kwa wastani mazungumzo karibu 3 kwa wakati mmoja, kwa kuwa simu huja kwa mafungu. Ukiongezwa mtambo wa pili, nafasi zikawa 14, hubeba 8 hivi, si 6. Hapo nafasi 1 ya msafiri haimpunguzii mkulima ila kidogo sana.