"Uncle" ni Nani?

Mwanafunzi aanzapo Kiingereza hufundishwa kwamba "uncle" ni mjomba, naye huandika hivyo daftarini mwake asiulize zaidi. Walakini neno hilo ni pana kuliko mjomba. Kwa Mwingereza, ndugu wa kiume wa baba ni "uncle", ndugu wa kiume wa mama ni "uncle", na mume wa shangazi ni "uncle" vilevile. Hata mweka rehani, yule akopeshaye fedha kwa kushika saa au koti la mtu, watu wa mitaani huko Uingereza walimwita hivyo kwa mzaha.

Sisi kwa Kiswahili twatenga. Ndugu wa baba ni ami, au amu. Na wengi husema baba mkubwa akiwa amemzidi baba umri, na baba mdogo akiwa nyuma yake. Wachina nao hutenga mkubwa na mdogo vivyo hivyo. Mjomba ni wa upande wa mama peke yake. Kwa Kihindi na Kigujarati mjomba huitwa "mama", na Mswahili asikiaye kijana akimwamkia mzee mwenye ndevu kwa neno hilo huenda akashangaa.

Msomaji asidhani kwamba Waingereza hawakuwa na tofauti hii tangu asili. Katika Kiingereza cha kale ndugu wa baba aliitwa "fædera" na ndugu wa mama "eam". Warumi walisema "patruus" kwa wa baba, na "avunculus" kwa wa mama. Kifaransa kililirithi hili la pili, likawa "oncle", likatumika kwa pande zote mbili. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakuu, na baadaye neno hilo likaingia katika Kiingereza na kuyaondoa yale mawili ya kale. Kwa asili, basi, mwalimu asemaye mjomba hakukosea sana.

Jambo hili huwa zito katika mirathi. Kwa sheria ya Kiislamu, marehemu asipoacha mwanamume wa nasaba ya baba aliye karibu zaidi, ami huwa asaba, akachukua kinachobaki baada ya wenye mafungu. Mjomba si asaba. Lakini mila ya kale ya Wadigo, katika pwani ya kusini ya Kenya, ilikwenda kinyume: kijana alimrithi mjomba wake. Mila hiyo na sheria ya dini zilishindana miaka mingi.

Sasa tazama hati ya Kiingereza isemayo tu kwamba kijana adai shamba la "uncle" wake. Ikiwa marehemu ni mjomba, dai lasimama kwa mila. Ikiwa ni ami, laweza kusimama kwa sheria ya dini na kuanguka kwa mila. Mfasiri akiandika "mjomba" kwa mazoea tu, amekwisha kukata kesi kabla ya hakimu. Hana budi kuuliza: ndugu wa nani? Na asipopata wa kumjibu, aandike waziwazi kwamba ni ndugu wa baba au wa mama, hati haikutaja.