Kutoka Rubavu Hadi Mezani kwa Mhariri: Vidokezo 9 vya Kupeleka Makala kwenye Jarida la Dini

Sheria ya 2018 ya mashirika ya kidini nchini Rwanda ilipoanza kudai shahada kwa viongozi, wachungaji wengi walirudi darasani. Wakaandika tasnifu, wakatetea, wakahitimu, kisha tasnifu zikaenda kabatini. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu anayeishi Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu ulio hatua chache kutoka Goma ya Kongo, ana mambo ya kuwaambia wanateolojia wa Nairobi, Kinshasa na Leiden. Kama una kazi ya namna hiyo, itoe kabatini tuanze.

1. Bana mada mpaka iwe na mahali na tarehe.
"Dini na majanga barani Afrika" haiingii kwenye makala moja. Jaribu hii: volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021. Kesho yake ilikuwa Pentekoste, sikukuu ya ndimi za moto. Watu wa Goma walikuwa wamevuka usiku ule kuja Rubavu, na siku zilizofuata matetemeko yakapasua nyumba na barabara upande wetu. Wahubiri walisema nini Jumapili ile, na zile zilizoifuata? Waliosikiliza walisikia adhabu, au faraja? Mtu wa mbali hawezi kujibu. Wewe unajua pa kubisha hodi.
Tasnifu nzima haifai kupelekwa kama ilivyo. Chagua sura moja, tena ile yenye hoja yako mwenyewe, uiandike upya.

2. Lisome jarida kabla ya kuliandikia.
Maelekezo kwa waandishi hayatoshi. Soma makala tatu au nne za karibuni, utajua wanaopokelewa wanaandikaje. African Ecclesial Review, lililoanzia Katigondo, Uganda, mwaka 1959, lina moyo wa kichungaji: linataka kujua parokia itafanya nini. Journal of Religion in Africa, la tangu 1967, huitazama dini kwa jicho la historia na maisha ya jamii, Uislamu na dini za jadi zikiwemo. Ukiwapelekea tafakari ya kiroho, watakurudishia hata kama ni nzuri. Na uliyesoma kwa Kifaransa usijilazimishe Kiingereza kwa kudhani ndicho pekee chenye heshima. Revue Africaine de Théologie ilianzishwa Kinshasa mwaka 1977, na mijadala mizito ya teolojia ya Afrika imepita humo kwa Kifaransa.

3. Jihadhari na matapeli.
Hapa nakaa kidogo, maana wanaoumia ni vijana wenye haraka ya kupata cheo. Inakuja barua pepe inayokuita "profesa mheshimiwa" na kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku chache. Jarida hilohilo linachapisha teolojia, uhandisi na kilimo cha mahindi. Kabla ya kujibu, tafuta majina ya wahariri kwenye tovuti za vyuo vyao. Wengine hawajui kwamba majina yao yametumika. Angalia kama jarida limo katika African Journals Online, mradi ulioanza 1998 na wenye makao Afrika Kusini, au katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni iliyoanza 2003. Halafu muulize mwalimu wako kama amewahi kulisoma.
Ada peke yake si ushahidi wa utapeli. HTS Teologiese Studies la Afrika Kusini ni jarida halali na linatoza ada ya uchapishaji. Cha kufanya ni kuuliza mapema kiasi gani kinalipwa, lini, na kama kuna msamaha kwa mwandishi asiye na ufadhili. Ukingoja mpaka makala ikubaliwe ndipo uulize, umechelewa.

4. Linda watu waliokuamini.
Mada za toba, msamaha na upatanisho huwavutia wanafunzi wengi wa teolojia Rwanda, na ni halali zivutie. Lakini unayemhoji kuhusu mauaji ya kimbari ya 1994 anafungua kidonda. Mweleze kwa lugha yake utafanya nini na maneno yake, mwambie anaweza kuacha katikati, na upate ridhaa kabla ya kuwasha kinasa sauti. Kubadilisha jina hakutoshi katika mji mdogo: ukiandika "mjane anayeuza samaki wa sambaza karibu na kanisa fulani", mtaa wote umemjua. Ondoa kazi, umri kamili na jina la kanisa. Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2021, na kibali cha utafiti hutafutwa kabla ya kwenda uwanjani. Wahariri wengi watakiulizia. Ukikosa jibu, makala haitasaidiwa na ufasaha wake.

5. Tumia vyanzo vya hapa hapa.
Aloys Bigirumwami wa Nyundo, Mwafrika wa kwanza kuwekwa askofu katika makoloni ya Ubelgiji, mwaka 1952, alitumia miaka mingi kukusanya na kuchapisha methali, hadithi na mila za Wanyarwanda. Alexis Kagame alitoa kitabu chake cha falsafa ya Kibantu ya Rwanda mwaka 1956. Inasikitisha kusoma makala kuhusu Imana, Mungu wa Wanyarwanda, iliyojaa wanazuoni wa Ujerumani bila hata mmoja wa hawa. Usiwataje kwa heshima tu, bishana nao. Na ukinukuu mahojiano, weka kwanza maneno ya Kinyarwanda au Kiswahili kama yalivyosemwa, kisha tafsiri. Mhakiki anayeijua lugha atakushukuru.

6. Futa alama zako.
Majarida mengi huwapa wahakiki makala bila jina la mwandishi. Ondoa jina, shukrani, na sentensi kama "nilivyoeleza katika tasnifu yangu". Kagua pia sifa za faili la Word, maana jina hujificha humo.

7. Makala moja, jarida moja.
Kupeleka kazi ileile sehemu mbili kwa wakati mmoja ni kosa zito la kimaadili. Ukichoka kungoja, mwandikie mhariri kwa adabu kwamba unaiondoa, pata uthibitisho, ndipo uende kwingine.

8. Marejeo yawe ya mtindo mmoja, ikisiri ikae na jibu.
Wakitaka Chicago, wape Chicago hadi nukta ya mwisho. Ikisiri iseme umegundua nini. "Makala hii inajadili" haimwambii mhariri lolote. Jisajili ORCID upate namba yako ya utambulisho wa mtafiti, ni bure, hasa kama jina lako limeandikwa tofauti kwenye pasipoti na kwenye cheti.

9. Wahakiki wakikurarua, wajibu hoja kwa hoja.
"Fanya marekebisho makubwa" ni habari njema: mlango uko wazi. Soma maoni, yaache siku kadhaa, kisha chora jedwali. Upande mmoja weka kila hoja ya mhakiki, upande wa pili eleza ulichobadilisha na ukurasa wake. Usipokubaliana, sema hivyo na utoe ushahidi. Mhakiki asiyejua Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Gisenyi na Goma, anaweza kukuuliza waumini wanawezaje kuwa na makanisa katika nchi mbili; mweleze kwamba kabla ya korona makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka mpaka huo kila siku, na kwamba kwa wengi wao kuvukia kwaya hakuna tofauti na kuvukia soko. Maelezo hayo yaingize kwenye makala yenyewe, kwani msomaji atakuwa na swali hilohilo. Na ikikubaliwa, kabla ya kutia saini mkataba angalia kama unaruhusiwa kugawa nakala ya mwisho uliyoirekebisha. Majarida mengi huruhusu. Ichape kwenye karatasi, uwapelekee uliowahoji, ukae nao uwasomee kwa Kiswahili au Kinyarwanda uliyoandika juu yao.