Vyeo vya Programu Ndani ya Tarakilishi

Hapa kwetu Silanga mabomba mengi ya plastiki hupita katika mitaro ya majitaka. Maji yakikatika presha hushuka, na bomba lenye ufa hufyonza uchafu. Tarakilishi nayo ina shida iyo hiyo: kichafu kisiingie penye kisafi.

Katika miaka ya 1970, Mmarekani Kenneth Biba aliandika kanuni kwamba kisichoaminika kisiruhusiwe kubadilisha kinachoaminika. Kanuni ya aina hiyo iliingia katika Windows Vista mwaka wa 2007, na Windows za leo bado zinayo. Kila programu inayoendeshwa hupewa cheo: cha chini, cha kati, cha juu au cha mfumo wenyewe. Faili pia zina vyeo. Isiyo na alama huhesabiwa kuwa ya kati. Programu ikitaka kubadilisha faili, mfumo hutazama vyeo kwanza, ndipo uangalie ruhusa za mwenye faili. Cheo kikipungua, hapana!

Utamu uko hapo. Zamani mfumo ulimtazama mtu tu. Ukishaingia kwa jina lako, kila programu uliyofungua ilikuwa na nguvu zako zote, hata ile ya wezi. Siku hizi sehemu ya kivinjari inayofungua kurasa za mtandao huwekwa chini kabisa, kwa hivyo ukurasa mbovu ukiiteka, hauwezi kuandika juu ya insha yako.

Lakini ufa upo. Kwa kawaida, upande wa faili, sheria hii huzuia kuandika, si kusoma. Mpelelezi anahitaji ukuta mwingine. Tena programu unayoifungua kutoka kwa fleshi hupata cheo cha kati, sawasawa na barua zako, basi inaweza kuzifuta.

Ufa mkubwa zaidi ni sisi wenyewe. Kile kisanduku kinachouliza kama unairuhusu programu ibadilishe mashine, ukibofya "Ndiyo" umeipandisha hadi cheo cha juu. Nenda saiba yoyote wakati wa fomu za HELB uone: foleni ndefu, watu wanabofya tu, bila kusoma, ili mambo yaende. Programu iliyopandishwa hivyo inaweza kujificha ndani ya mashine na kunakili kila herufi inayopigwa. Anayefuata kuketi hapo huandika nenosiri lake la eCitizen, hajui lolote.