TUJIFUNZE KUKUSANYA VIPANDE VYA FEZA VYA UINGEREZA



Katika namba hii tunaacha kidogo hesabu na jeografia, tunaingia katika kazi ya kupumuzisha akili: kukusanya vipande vya feza, zaidi sana vile vya Uingereza. Wengine watauliza: kwa nini Uingereza, na sisi tulitawaliwa na Wabeljiki? Jibu ni rahisi, ndivyo tunaviona hapa karibu. Wageni wa misioni wanafika na vipande mufukoni, wanavitia katika sadaka. Mutunza-feza anavipeleka kwa wabadilisha-feza wa barabarani, nao wanakatala, wanataka noti tu. Basi vinalala ndani ya mukebe. Tena kijana wa leo hapa kwetu amezoea noti za franga peke yake. Kushika kipande cha feza kwake ni kitu kipya kabisa.

Mbele ya kuendelea, neno moja. Sadaka ni mali ya Kanisa. Mwenye kutaka kipande cha mukebe aende kwa mutunza-feza, aombe, walipatane bei, alipe. Mutu asiseme "hakina kazi" kisha akitie mufukoni. Kama kweli hakina kazi, wewe unakitakia nini?

Sasa tuanze. Mwaga vipande juu ya meza, uvitenge katika mafungu mawili. Tarehe inayogawanya ni 15 Februari 1971. Mbele ya siku ile, pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi peni 12, ni kusema peni 240 katika pauni. Toka siku ile pauni ina peni 100 tu. Ninyi munaolalamika juu ya hesabu, mujaribu hii ya zamani: pauni 3, shilingi 17 na peni 8, mara sita. (Jibu ni pauni 23 na shilingi 6. Mwenye kulipata bila karatasi ni fundi.)

Fungu la zamani utalijua kwa majina: PENNY, SIXPENCE, SHILLING, HALF CROWN, hii ya mwisho ni shilingi mbili na peni sita. Robo-peni ya mwisho-mwisho iko na ndege mudogo sana, nusu-peni iko na merikebu ya matanga. Peni yenyewe ni kubwa na nzito, juu yake mwanamuke ameketi na ngao na mukuki wa meno matatu, jina lake Britannia. Fungu jipya linasema NEW PENCE mupaka mwaka wa 1981. Toka 1982 neno NEW limetoka, sababu peni haikuwa mupya tena. Lakini musidanganyike: shilingi ya zamani haikufa siku ile ya 1971. Iliendelea kutembea kama peni tano mupaka mwaka wa 1990, juu ukubwa ulikuwa sawasawa.

Kisha geuza kipande, tazama uso. Wafalme wa Uingereza wanapokezana upande. Victoria anatazama kushoto, Edward VII kuume, George V kushoto, George VI kushoto, Elizabeth II kuume, na Charles III, aliyeanza kutawala mwaka wa 2022, kushoto. Utasema, George wawili wamefuatana upande mumoja, kanuni imevunjika! Hapana. Katikati yao kulikuwa Edward VIII, aliyeacha ufalme mwaka uleule wa 1936 alioupata. Alitaka uso wake utazame kushoto, kinyume cha desturi. Vipande vyake havikutoka kutumiwa na watu, nao mafundi wakahesabu kama vile angetazama kuume. Hivi George VI akarudi kushoto.

Sasa tufike kwa maandishi, na hapa tutakawia kidogo, sababu kwetu sisi Waprotestanti jambo hili ni tamu. Kuzunguka uso wa Malkia kumeandikwa ELIZABETH II D.G. REG. F.D. Ni Kilatini kilichokatwa-katwa. D.G. ni Dei Gratia, kwa neema ya Mungu. REG. ni Regina, malkia. F.D. ni Fidei Defensor, mutetezi wa imani. Imani gani? Mwaka wa 1521 mufalme Henry VIII alitoa kitabu cha kumupinga Martin Luther. Papa Leo X akafurahi, akamupa jina hilo la mutetezi wa imani. Kisha Henry akagombana na Roma juu ya ndoa yake, na mwaka wa 1534 akajifanya mukubwa wa Kanisa la Uingereza. Papa akalitosha jina, lakini bunge la Uingereza likamurudishia mwaka wa 1544. Ndiyo maana wafalme wa kanisa lililoachana na Papa wanabeba mupaka leo jina walilopewa na Papa juu ya kumupiga Luther! Sisi tulicheka sana tulipolijua. Juu ya vipande vya feza jina hilo liliingia mwaka wa 1714, wakati wa George I.

Mwaka wa 1849 walitengeneza kipande kipya cha shilingi mbili, florini, wakaacha D.G. na F.D. Watu walikasirika, wakakiita florini isiyo na Mungu. Florini zilizofuata zilirudishiwa maneno yake. Kwa maoni yetu, herufi mbili haziongezi imani ya mutu sokoni, lakini zinaonyesha namna watu walivyosoma feza yao kwa macho, si kwa vidole tu. Kuna herufi zingine, IND. IMP., mufalme mukuu wa India. India ilipata uhuru mwaka wa 1947, na kwa vipande vyenye tarehe ya 1949 herufi zile hazimo tena.

Juu ya madini. Katika lugha yetu feza ni mali na feza ni yale madini meupe. Kwa Waingereza pia shilingi ilikuwa feza ya kweli, sehemu 925 katika 1000, mupaka 1919. Nyuma ya vita wakapunguza, toka 1920 mupaka 1946 nusu tu ni feza. Toka 1947 hakuna hata kidogo, ni shaba na nikeli. Kwa hiyo tarehe ni kitu cha kwanza cha kusoma. Na kwa vipande vya sasa muombe sumaku ya mwalimu wa fizike. Peni moja na peni mbili za mbele ya 1992 ni bronzi, sumaku haizivuti. Katika mwaka ule walianza kutia chuma ndani na shaba juu, na hizo zinaruka kwa sumaku. Peni tano na peni kumi zilifuata njia hiyo toka 2012.

Hapa tunasema kwa sauti kubwa: MUSISUGUE! Kijana mumoja alipata peni ya Victoria, nyeusi sawasawa, ya kupendeza. Akaichukua kwa mtoni, akaisugua na muchanga na ndimu. Ilitoka yenye kungaa kama kifuniko cha sufuria, na uso wa Malkia umekwaruzwa wote. Hakuna mukusanyaji atakayeitaka. Ule weusi si uchafu, ni ngozi ya kipande, imejengwa miaka mingi. Kama kuna udongo, maji safi kidogo na kitambaa laini, basi. Shika kipande kwa ukingo, jasho la vidole linaacha alama. Usikitie ndani ya plastiki laini, plastiki ingine inatoa mafuta ya kuleta ukijani. Bahasha ndogo ya karatasi inatosha, juu yake uandike kwa kalamu ya risasi: jina, mwaka, mufalme, na pahali ulipokipata.

Juu ya bei, angalieni wenye kuwadanganya. Uzee si bei. Peni ya Victoria iliyotumika sana ni ya bei ndogo hata kule London, sababu zilitengenezwa mamilioni. Peni ya 1933, ambayo ni kijana mbele ya ile, ni mali kubwa sana, sababu zilizojulikana hazifiki kumi. Moja iliwekwa chini ya jiwe la musingi la kanisa moja karibu na Leeds, na mwaka wa 1970 wezi wakaliondoa. Mutu akikuletea moja hapa sokoni, umuage kwa heshima. Na pauni ya mviringo ya 1983 mupaka 2016, ile nene ya manjano, haikubaliwe tena madukani toka tarehe 15 Oktoba 2017, sababu karibu moja katika 30 ilikuwa ya uongo. Usiinunue kama feza ya kutumia. Ile ya sasa iko na pembe 12.

Kama katika mukebe unakuta kipande chenye tundu katikati na maneno EAST AFRICA, hicho si cha Uingereza yenyewe. Kilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa ukoloni, na labda babu ya mutu alivuka nacho mupaka. Kipe bahasha yake.

MAULIZO. (1) Kipande cha SIXPENCE kimeandikwa 1946. Kina feza kiasi gani? Na cha 1947? (2) Peni mbili za 1991 na za 1994, sumaku itavuta zipi? (3) Uso unatazama kuume, maandishi yanasema REX, hakuna REGINA. Ni mufalme gani, kati ya tuliowataja? Majibu yatiwe katika sanduku la bulletin mbele ya siku ya tano, pamoja na jina na darasa.