SOMO LA AKIBA: MITUMBWI MITATU, ZIWA MOJA

Ndugu Wanachama,

Dagaa wa Kigoma sote twawajua. Mwaka 2024, tangu 15 Mei hata 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Mvuvi wa Ujiji mwenye mitumbwi mitatu hakumshinda mwenye mmoja, maana ziwa ni lile lile.

Yafaa tukumbuke hayo tununuapo vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Usitazame jina la mfuko. Uliza fedha zimetiwa wapi. Katika mifuko ya UTT AMIS, Hatifungani hutegemea hati fungani; Ukwasi nao huzishika, pamoja na amana za benki. Mwenye yote miwili bado yumo ziwa moja. Umoja, ulioanza 2005, huongeza hisa za makampuni: kipande chaweza kupanda zaidi, na kushuka pia.

Basi fedha ya kulipa wachumaji msimu ujao ikae Ukwasi. Ya miaka mitano na zaidi, sehemu yake iende Umoja. Mwenye kujiepusha na riba aulize kabla ya kununua, kwani hati fungani na amana huizaa.

Mikarafuu tusiiache. Ndiyo ziwa letu, ila lisiwe la pekee.

Wassalaam,
Katibu